Uulize Mshipa, Kisha Uulize Nyama

Eriya Lubega alipohamia Juba, mwaka ule nchi ilipopata bendera yake, alishuka kwenye basi na mke wake Namukasa, sanduku moja la nguo, na ngoma iliyofungwa kwa blanketi. Makuli wa stendi walidhani ni ngoma ya kanisani, wakamwomba awapigie kidogo.

"Hii haipigwi," Lubega aliwaambia. "Hii inaandika."

Na kweli iliandika. Ilikuwa silinda ya shaba, kimo chake kama birika la chai, iliyozunguka polepole kwa nguvu ya springi kama saa za ukutani za zamani. Uliizungushia karatasi nyeupe, ukaifukiza kwa moshi wa mafuta ya taa mpaka karatasi ikawa nyeusi tii. Kisha ulichukua mguu wa chura aliyekwisha kufa, ukaacha nyama ya kigimbi pamoja na mshipa wake tu, ukauweka kwenye maji ya chumvi yaliyopimwa. Mguu ule uliendelea kuishi saa kadhaa, kana kwamba hakuna aliyeupelekea habari kuwa mwenyewe amefariki. Ukiutekenya mshipa kwa umeme kidogo, nyama iliruka, na sindano iliyofungwa kwenye nyama ilichora kilima cheupe juu ya ile karatasi nyeusi.

Lubega alikuwa mtumishi wa maabara ya chuo kimoja Kampala kwa miaka ishirini na sita. Shule aliiacha darasa la saba. Mengine yote aliyachukua kwa sikio, akiwa amesimama nyuma ya darasa na ndoo mkononi wakati maprofesa wakifundisha watoto wa watu. Kompyuta zilipoingia, ngoma zilitupwa jalalani zote siku moja, na wapishi wa chuo wakaanza kuzichemshia maharage. Lubega aliokota moja, kama mtu anavyomwokota yatima. Siku hizi chura hufa kwenye skrini, hakuna anayenawa mikono, na aliyemuua hata hajui ngozi ya chura ina ubaridi gani. Lakini tuyaache hayo.

Huko Juba alipata kazi ile ile katika chuo kidogo cha afya. Alfajiri alishuka mtaa uitwao Juba na Bari, kando ya mto, akanunua vyura kwa wavuvi waliomcheka kila mara wakimuuliza kama mkewe anawapika kwa karanga. Wanafunzi walimwita Mzee wa Ngoma. Walipenda kumwiga, maana Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kampala, na somo lake lilikuwa moja miaka yote.

"Mimi iko nauliza mshipa kwanza," alikuwa akisema, kidole juu. "Mshipa ukikataa, mimi nauliza nyama yenyewe. Nyama ikiitika, ugonjwa iko kwa mshipa. Nyama nayo ikikataa, basi, ugonjwa iko kwa nyama. Usilaumu tarishi kama mwenye nyumba amelala."

Somo zuri. Angelikumbuka nyumbani kwake, hadithi hii isingekuwepo.

*

Namukasa alikuwa na mgahawa wa meza nne mtaa wa Hai Cinema, mbele ya chumba walichoishi. Alipika matoke na mchuzi wa karanga, akiwa ameketi kwenye kigoda chini, kama mama yake alivyoketi. Kila asubuhi, kabla ya moto, alimletea mumewe chai. Aliweka kikombe, akapiga magoti juu ya mkeka, akamwamkia polepole kwa Kiganda: umelalaje, ssebo, yaani bwana, na wa nyumbani wameamkaje, na kazi inaendeleaje. Kila swali linangoja jibu, na mwanamke hanyanyuki mpaka aitikiwe. Binti yao Pearl, aliyebaki Kampala na kazi ya benki, huwaamkia wazazi wake kwa picha ya kikaragosi anayepunga mkono. Namukasa hakuacha. Miaka thelathini na minne alipiga magoti, hata siku za risasi mjini, waliposalimiana chini ya kitanda na salamu ikawa rahisi maana wote walikuwa wamekwisha kulala kifudifudi.

Majira fulani ya mvua, magoti yalianza kumuuma. Muuza dawa sokoni alimpa vidonge vya rangi mbili, akamwambia ni vya mishipa. Kwetu kila kinachouma kina mshipa ndani yake. Neno moja, tumelibebesha damu, neva na kano, na wauza dawa wanakula humo humo.

Lubega alivitupa vidonge vile nje. "Rangi mbili kama peremende! Dawa isiyokunja uso ni dawa?"

Akaagiza kwa dereva wa basi la Kampala kopo zima la klorokwini. Ile yenyewe, chungu, iliyowalea. Tiba ya malaria ilikwisha kuhamia dawa nyingine siku nyingi, lakini Lubega aliwahi kumsikia profesa akisema darasani kuwa klorokwini hutuliza pia viungo vinavyouma. Na hilo lilikuwa kweli. Ila nusu ya pili ya somo, ile ya kuwa daktari huipima, huichunga, na kuna wakati huisimamisha, hakuisikia, kwa kuwa siku hiyo aliitwa kwenda kuchota maji.

Basi kila magharibi, mgahawa ukifungwa, alimwekea mkewe kidonge kimoja kiganjani, akamshikia glasi ya maji, akaketi naye hadi uso wake ulipokunjuka. Maumivu yalipungua. Lubega alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi dhidi ya dunia nzima.

Halafu, baada ya Pasaka ya mwaka wa pili, Namukasa aliacha kupiga magoti.

Asubuhi moja alisimama mlangoni, mkono kwenye mwimo, akaamkia kutoka pale pale, akarudi jikoni. Kesho yake vivyo hivyo. Lubega alikitazama kikombe chake. Hakuuliza, mwanamume wa zamani haombi heshima kama anayeomba chumvi. Alijisemea kuwa Juba imemfikia na yeye: wanawake wenzake sokoni wamemcheka, Pearl amemfundisha kwa simu. Akaanza kujibu salamu kwa "Mm" moja, uso ukiwa ukutani. Miezi minne ilipita hivyo. Kidonge cha magharibi aliendelea kumpa, lakini hakuketi tena. Aliweka glasi mezani akatoka nje.

*

Mwezi wa nane, Daktari Achieng, Mkenya aliyefundisha elimu ya dawa pale chuoni, alitaka kuwaonyesha wanafunzi kuwa dawa tunazojinunulia zinaweza kuumiza nyama ya mwili. Alikuwa na chura wa kwenye kompyuta. Ila jenereta iligoma, kompyuta ikafa, chura naye akafa mara ya pili.

"Mzee Lubega," Achieng alisema, "ile ngoma yako bado inatembea?"

Lubega alikwenda kuwasha taa ya mafuta ili afukize karatasi. Betri ya pikipiki ilitosha kwa ule mtekenyo.

Walijaribu kwanza dawa ya kichwa. Mshipa ukaulizwa, nyama ikaitika. Vilima vikabaki vile vile. Wakabadilisha maji, wakajaribu nyingine mbili. Kisha Achieng akauliza kama kuna mtu mwenye dawa ya kizamani.

"Mimi iko nayo," alisema Lubega, akatoa mfukoni karatasi yenye vidonge sita alivyovitoa asubuhi ile kwenye kopo la nyumbani. Alikuja navyo kusudi. "Klorokwini. Muone dawa ilikuwa nini kabla nyinyi hamjazaliwa."

"Lo, mzee!" alisema Nyamuoch, mwanafunzi mrefu aliyekuwa fundi wa kumwiga. "Hii si ya makumbusho?"

"Tia kwa maji, wacha mdomo."

Nyamuoch alikisaga kidonge, akapima, akatia. Ngoma ilizunguka. Kwa dakika chache hakuna kilichobadilika, na Lubega akawatazama wote kwa zamu. Kisha vilima vikaanza kushuka. Vikawa vichuguu. Vichuguu vikawa kama mchanga uliomwagwa mstarini.

"Mshipa umekataa," alisema Nyamuoch, kidole juu, kwa sauti ya Lubega. "Mimi iko nauliza nyama yenyewe!"

Darasa likacheka. Akahamisha nyaya kwenye nyama, akabonyeza. Sindano ikatikisika kidogo tu, kama mtu anayegeuka usingizini. Akaongeza umeme. Hakuna zaidi.

"Osha," Achieng aliagiza. Wakamwaga maji yale, wakatia mapya, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Wakangoja nusu saa. Mstari haukurudi juu.

"Andikeni," Achieng alisema. "Ugonjwa uko kwenye nyama, na umebaki hata baada ya kuosha. Sasa, hapa tumetia nyingi kwa mara moja. Mgonjwa hanywi hivyo. Lakini dawa hii ina tabia ya kujiweka akiba ndani ya nyama. Anayemeza kila siku, mwaka, miaka miwili, bila kuangaliwa, anaweza kufika hapa hapa polepole. Ataanza na mapaja. Hasikii ganzi wala moto, ila kuinuka chini kunamshinda. Ataambiwa ni uzee. Ataambiwa ni mshipa."

Nyamuoch aliinua kichwa. "Mwalimu, kuinuka chini vipi?"

"Kwenye kigoda. Chooni. Akipiga magoti kanisani."

Ngoma iliendelea kuzunguka bila mtu kuisimamisha, sindano ikikwaruza mstari mmoja ulionyooka. Ilipomaliza springi yake ikasimama yenyewe. Walipogeuka kumtafuta Lubega aondoe karatasi, hakuwepo.

*

Alimkuta Namukasa kwenye kigoda, anamenya matoke. Mgahawa ulikuwa na wateja wawili. Lubega aliwaambia chakula kimekwisha, ingawa sufuria ilikuwa ikitokota mbele yao, akafunga mlango.

"Kuna nini, Baba Pearl? Umefukuzwa kazi?"

"Vua ndala."

"Nini?"

"Nimesema vua ndala, Mama Pearl."

Alichuchumaa mbele yake, akaushika mguu wake wa kulia uliojaa majivu ya jikoni, akapitisha ukucha kwenye wayo. Namukasa alipiga ukelele wa kicheko, akavuta mguu, vidole vikajikunja.

"Wewe mzee una wazimu? Wateja wako nje!"

"Unasikia ganzi? Unasikia kama moto?"

"Nasikia mwanamume mzima ananitekenya mchana."

Mshipa mzima, alisema moyoni. Mshipa umepeleka habari na umeleta jibu. Akarudi nyuma hatua mbili. "Sasa simama. Usishike kitu."

Kicheko kikamtoka Namukasa usoni. Alitazama kisu mkononi mwake, akakiweka chini polepole.

"Nina kazi," alisema.

"Simama, nakuomba."

Alijaribu. Alijisukuma mbele, makalio yakapanda kidogo, yakarudi. Akajaribu tena. Mara ya tatu aliinama, akashika vifundo vya miguu, kisha magoti, kisha mapaja, akijipanda mwenyewe kwa mikono kama mtu anayepanda ngazi, mpaka akasimama, jasho limemjaa kwenye mdomo wa juu.

"Umeona," alisema. "Sasa umeona."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Asubuhi ile niliyopiga magoti nikashindwa kuinuka. Wewe ulikuwa umeshaitikia ukatoka. Nilikaa pale mkekani mpaka jirani wa Kidinka alipokuja kuomba moto, akaninyanyua." Alijifuta uso kwa kanga. "Nikasema, afadhali unione mkaidi kuliko unione mzee. Mkaidi hukasirikiwa. Mzee hurudishwa kijijini."

Lubega aliketi chini pale pale kwenye maganda ya matoke. Miezi minne! Mtu aliyesimama nyuma ya kila darasa, aliyeona vilima elfu vikishuka, alimwona mkewe akiegemea mwimo wa mlango kila asubuhi na akasoma dharau. Mwanamke alikuwa akimuita kwa salamu ile ile, naye ndiye aliyekataa kuitika.

"Si uzee," alisema mwishowe. "Ni kidonge. Ile klorokwini. Ni mimi niliyekupa."

Akamweleza yote: vilima, kuosha, mstari usiorudi. Hakujificha nyuma ya profesa wala ya dereva wa basi. Namukasa alisikiliza akiwa ameegemea meza.

"Nilijua ni mbaya," alisema.

"Ulijua?"

"Sikujua itakula miguu. Lakini ilikuwa inanichafua tumbo na kunitia giza machoni. Nilimeza kwa sababu ilikuwa saa pekee unayokaa." Akapangusa meza kwa kiganja. "Kisha ukaacha kukaa, nami nikaendelea kumeza nikingoja utakaa tena."

Lubega alifunika uso. Namukasa akamwambia ainuke, wateja watadhani kuna msiba. Akajaribu, na magoti yake ya miaka sitini na saba yakakataa. Akamnyooshea mkono mkewe. Mkewe naye hakuwa na mguu wa kumvuta mtu. Walitazamana. Namukasa ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo, na mzee akacheka kutoka chini na machozi yake, maganda yamemganda suruali. Ikabidi atambae hadi kwenye meza kama mtoto.

*

Daktari Achieng alisema wazi kuwa yeye ni wa dawa, si wa wagonjwa, akawaandikia barua ya kwenda hospitali. Huko wakampima damu, wakamsikiliza moyo, wakamtazama macho, maana dawa hii haichagui. Moyo na macho vilikuwa vizuri. Kuhusu miguu, daktari alisema aache kidonge leo, angoje miezi, labda zaidi ya mwaka. Nyama nyingi hurudi. Kama itarudi yote, hakuahidi. Daktari asiyeahidi, huyo angalau amebaki mmoja.

Kopo Lubega alilipeleka chuoni, likafungiwa kabati la sumu. Halafu akatengeneza kigoda kipya kwa mbao: juu ya kile cha zamani alipanga mbao nane zilizolala, kila moja unene wa vidole viwili, mpaka Namukasa akaketi juu kama mtawala na kuinuka bila mikono. Kila mbao aliyoishinda ingeondolewa. Jikoni alitundika karatasi aliyoifukiza kwa moshi, na kila Jumapili baada ya ibada alikwaruza kwa msumari alama ya kimo cha kigoda.

"Umenifanya chura wako," Namukasa alisema.

"Chura hapikii watu matoke."

Mbao ya kwanza iliondoka mwezi wa kumi. Ya pili na ya tatu kabla ya Krismasi. Januari ikawa mbaya: alidondoka na sufuria, mbao mbili zikarudishwa, na kwa wiki tatu hakutaka hata kuitazama ile karatasi. Magharibi ilipofika Lubega alileta glasi ya maji, akaiweka kiganjani mwake, akaketi.

"Na dawa?" aliuliza Namukasa siku ya kwanza ya jambo hilo.

"Ni maji tu."

"Basi unakaa kwa sababu gani?"

"Kunywa maji, Mama Pearl."

Naye alikunywa taratibu kuliko maji yanavyonywewa.

Chuoni waliletewa mtambo wa jua, chura wa kompyuta akafufuka, na ngoma ikarudi blanketini. Nyamuoch, siku za kumaliza masomo, alimwomba ile karatasi ya klorokwini awe nayo. Lubega alisema haipo. Alikuwa ameichoma.

Ilifika Pasaka tena. Mbao zilikuwa zimebaki moja. Jumatatu ile asubuhi Lubega alikuwa amekaa anafunga viatu aende Juba na Bari kutafuta vyura wa mazoezi ya mwisho ambayo bado hufanywa kwa mikono. Chai ikaja. Alisikia kikombe kikiwekwa, akangoja salamu kutoka mlangoni kama alivyozoea sasa, salamu ya kusimama, ambayo alikuwa amejifunza kuiitikia yote, neno kwa neno, uso kwa uso.

Ikatoka chini.

Alipoinua kichwa, Namukasa alikuwa mkekani, magoti yote mawili, mikono imekunjwa pajani.

"Umelalaje, ssebo?"

"Inuka!" Lubega aliruka na kiatu kimoja. "Nani amekutuma? Hatujafika huko, mbao bado! Ngoja, nishike, nipe mkono!"

"Sitaki mkono. Nimekuuliza umelalaje."

"Namukasa, tafadhali."

"Mtu hainuki hajaitikiwa. Umesahau desturi, au Juba imekuharibu?" Kidevu chake kilikuwa kinatetemeka kwa kucheka au kwa uzito, hakujua ni kipi. "Itika basi, Baba Pearl. Magoti yanawaka."

Lubega alianza kuitika akiwa amesimama, akakatisha. Akajaribu tena. Aliketi kwenye kiti kama inavyotakiwa, akaweka mikono juu ya mapaja, na akaitika: amelala vizuri, na yeye je, wa nyumbani wameamka salama, kazi ipo, tunamshukuru Mungu. Hakuruka hata neno moja, ingawa alitamani yawe machache.

Namukasa aliitika na yeye. Kisha akaweka mkono juu ya kigoda kilichokuwa kando yake, akakisikia kilivyo imara, akauondoa. Akatanguliza mguu mmoja. Akakaa hapo akipumua, paja linatikisika chini ya kanga kama sindano ile inavyotikisika ikianza kupanda, na Lubega akakamata kingo za kiti chake kwa mikono miwili ili asiende kumsaidia.

Akasimama.

"Chai inapoa," alisema, akaenda kuwasha moto.